Mkate wangu wa ndizi haukubali kuumuka: naomba ushauri

Binti wa Shela: Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimeanza kujifunza kuoka mkate wa ndizi nyumbani, hapa Lamu, nami nimekwama. Juu unapata rangi nzuri, lakini nikichoma kijiti katikati kinatoka na rojo, na chini kunafanyika tabaka zito linalonata menoni. Ndizi ni mbivu, maganda yameshapiga weusi. Vingine ni unga wa ngano, mayai, siagi, sukari na bekingi soda. Nifanyeje?

Mpishi wa Langoni: Waalaykum salaam, dada. Hukutueleza unaokea wapi. Kama ni oveni, nyuzi 175 hadi 180 kwa muda wa saa moja hivi zinatosha. Moto ukizidi, juu huiva kabla ya ndani.

Binti wa Shela: Ni sufuria nzito kwenye jiko la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko.

Mzee wa Mkomani: Marehemu mama yangu alikuwa akipalia mkate wa kumimina vivyo hivyo, makaa machache chini na mengi juu, wala hakuna mtoto aliyethubutu kufunua sufuria. Mchele aliuroweka, akausaga kwa tui la nazi, akatia hamira na iliki, kisha akauacha uumuke kwa utulivu. Vijana wa leo wanakimbilia mikate ya kigeni na ya kwao hawaijui.

Mama Iliki, Malindi: Mzee wangu, aliyeuliza ameulizia mkate wa ndizi. Mwanangu, ukishachanganya, unaoka papo hapo au unangoja?

Binti wa Shela: Nachanganya usiku, nafunika, kisha naoka baada ya sala ya alfajiri. Sidhani kama tatizo liko hapo, kwa kuwa mkate wa kumimina nao huachwa. Isitoshe, nimekwisha kupokea oda ya nyumba moja ya wageni kwa Ijumaa, nao hunywa chai mapema, kwa hiyo sina budi kuandaa usiku. Nimekusudia kuzidisha bekingi soda maradufu.

Mama Iliki, Malindi: Usizidishe, tafadhali. Hamira ina uhai. Hula sukari polepole na kutoa gesi kwa muda mrefu, ndiyo maana mkate wa kumimina hungojewa. Bekingi soda ikikutana na majimaji na uchachu wa ndizi huanza kutoa gesi hapo hapo, na hadi alfajiri mapovu mengi yamekwisha kupotea. Robo kijiko cha chai hutosha kikombe kimoja cha unga. Ukipita hapo bila uchachu wa kutosha, mkate utakuwa na ladha ya sabuni na rangi ya kahawia iliyokolea. Tena ukishatia unga usikoroge sana, maana ngano ikikorogwa mno mkate huwa mgumu.

Msafiri wa Kaskazi: Mimi nina shaka na kisa hiki. Mtu anayejifunza, ambaye mkate wake haujaiva hata mara moja, amepewaje oda? Naona tunatengenezewa tangazo la biashara.

Mzee wa Mkomani: Anayetangaza mkate hasemi kwamba ni mbichi. Lakini swali la oda ni la haki, binti yangu.

Binti wa Shela: Mwenye nyumba ni mke wa ami yangu. Alionja vipande vya pembeni, ambavyo huiva vizuri, akavipenda. Sikutaja kwa kuwa sikutaka mambo ya jamaa yaingie hapa.

Mama Iliki, Malindi: Basi usiku pima unga, soda na chumvi kidogo, uvifunike vikavu. Alfajiri ponda ndizi, changanya na mayai, siagi na sukari, halafu viunganishe makaa yakiwa tayari. Chini punguza makaa.

Binti wa Shela: Sufuria moja nitaifanya hivyo. Ya pili nitaichanganya usiku kama kawaida yangu, nione mwenyewe kabla ya Ijumaa.