Naomba ushauri: chuo chenye jina au chuo kinachonifaa?

Mleta uzi:
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nimedahiliwa katika vyuo vikuu viwili kusomea biolojia, na siku ya kuthibitisha nafasi inakaribia. Cha kwanza kina jina kubwa, kiasi kwamba watu hunipongeza kabla hawajauliza nitasoma nini. Cha pili hakivumi, lakini madarasa yake ni madogo, maabara zake za utafiti hupokea wanafunzi tangu mwaka wa kwanza, na mhadhiri niliyemwandikia alinijibu kwa kina. Mimi huelewa somo ninapoweza kuuliza. Katika umati hunyamaza. Wazazi wangu wanaona kukiacha cha kwanza ni kuipiga teke bahati. Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia njia hii.

Mchangiaji wa kwanza:
Hongera, mdogo wangu. Wachumi wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha mwaka 2002 utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya viwango vinavyofanana, ambao baadhi yao walichagua vyuo vyenye ushindani mdogo zaidi wa kudahiliwa. Kwa wengi wao, mapato ya baadaye hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Uwezo na bidii iliyokufanya ukubaliwe utakwenda nayo popote. Nenda unakoweza kuuliza maswali.

Mchangiaji wa pili:
Naheshimu maoni ya aliyetangulia, ila utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanafunzi waliotoka familia za kipato cha chini walinufaika kwa kusoma kwenye vyuo vyenye ushindani mkubwa. Kwa kijana ambaye nyumbani hakuna wa kumfungulia milango ya ajira, jina la chuo na mtandao wa wahitimu wake vinaweza kufanya kazi ambayo wengine hufanyiwa na jamaa zao. Kwa hiyo, mwanangu, wazazi wako usiwapuuze. Waulize ni hofu gani hasa iliyo nyuma ya msimamo wao, kisha mlinganishe pamoja ada na ufadhili wa kila chuo.

Mchangiaji wa tatu:
Nadhani kabla ya kulipima jina ni vyema kujua linatoka wapi. Katika orodha ya QS ya mwaka 2024, inayopanga vyuo vikuu vya dunia kwa ubora, asilimia 30 ya alama zilitokana na maoni ya wanataaluma kuhusu vyuo, na asilimia 15 maoni ya waajiri, wakati uwiano wa wahadhiri na wanafunzi ulipewa asilimia 10 tu. Hakuna kipengele kinachokuambia iwapo utasikilizwa ukikwama katikati ya muhula. Hata hivyo, udogo wa chuo nao usikulevye. Watafute wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa biolojia katika vyuo vyote viwili, uwaulize ni wangapi kweli wanaoingia maabara, nani hufundisha mwaka wa kwanza, na ni rahisi kiasi gani kubadili kozi.

Mleta uzi:
Nawashukuru nyote. Katika familia yetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, hivyo hoja ya mchangiaji wa pili imenigusa, na sikuwa nimeifikiria. Nitazungumza na wazazi leo, kisha niwatafute wanafunzi hao kabla ya kuthibitisha. Kwa sasa bado naelemea chuo cha pili.