Paka wa kisukari aliyeng'olewa meno: sikio, sensa, kliniki au mkojo?

Doa_Wangu

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya waliopitia hili. Doa ni dume wa miaka 11, huu ni mwaka wake wa pili na kisukari. Anachomwa insulini ya glajini uniti 3 saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kwa miezi mingi sukari yake kabla ya sindano haikushuka chini ya 300 (napima kwa miligramu, wa milimoli wagawe kwa 18). Juzi aling'olewa meno sita. Fizi zilikuwa zimeoza, na jino moja lilikuwa limeliwa hadi kwenye mzizi.

Leo asubuhi nimepima kabla ya sindano, nikapata 148. Nikarudia: 151. Chakula amelamba nusu sahani akaenda kujikunja chini ya kiti.

Sijachoma kitu, nimempigia daktari nangoja anirudie. Swali langu: wiki mbili tatu hizi nimfuatilie kwa njia ipi? Nina mashine ya kupima sukari kwa tone la damu la kutoboa sikioni. Kliniki wako tayari kukaa naye siku nzima wampime kila baada ya saa mbili. Kuna sensa, kile kifaa cha kubandika kwenye ngozi kinachosoma sukari mchana na usiku. Na kuna mtu kaniambia vipande vya kuchovya kwenye mkojo vinatosha.

Sindano_Mbili

Umefanya vyema kungoja. Uniti 3 zilikuwa za paka mwenye fizi zinazotoa usaha. Uvimbe na maambukizi ya kinywani huufanya mwili uigomee insulini, ndiyo maana dozi ilikuwa inapanda na sukari haisikii. Sasa chanzo kimeondolewa, dozi ileile inaweza kumwangusha. Isitoshe glajini hukaa mwilini. Sindano ya jana usiku haijaisha kabisa.

Mimi daktari wangu alinipa mstari wa 200 kwa siku hizi za mwanzo: chini ya hapo sichomi mpaka tumezungumza. Muulize wako mstari wako ni upi, uuandike kwenye karatasi uibandike jokofuni. Saa moja asubuhi na usingizi machoni si wakati wa kukisia.

Kuhusu njia, mimi ni sikio, bila kusita. Napasha kitambaa kwa maji ya moto, nakamua, nashikilia pembeni mwa sikio kama nusu dakika. Napaka vaselini kidogo sana ili tone lisimame badala ya kusambaa kwenye manyoya. Pamba nyuma ya sikio, natoboa ukingoni, kando ya mshipa na si juu yake. Kitu kimoja: mashine za binadamu mara nyingi husoma chini kidogo kwa damu ya paka kuliko zile za wanyama kama AlphaTrak. Chagua moja ubaki nayo, na mwambie daktari ni ipi.

Mama_Pamba

Naongeza la sensa, maana Pamba aliivaa baada ya kung'olewa meno manne. Kwangu ilikuwa msaada mkubwa usiku. Sikio hukuonyesha nukta moja. Sensa ilinionyesha kwamba saa nane usiku alikuwa akishuka hadi 70 kisha anapanda tena kabla sijaamka. Nisingejua kamwe.

Lakini msiitegemee peke yake. Haisomi damu, inasoma majimaji ya chini ya ngozi, kwa hiyo sukari ikishuka haraka inachelewa. Akiilalia inaweza kuonyesha namba za chini za uongo. Ya Pamba ilikuwa ya binadamu, ya kukaa siku 14; ilidondoka siku ya sita. Namba ikikushtua, toboa sikio kwanza ndipo uamue. Na kwa wanaosubiri upasuaji: mwombeni daktari aibandike paka akiwa bado kwenye nusukaputi. Kunyoa na kugundisha kunakwisha bila vita.

Kimya_Kimya

Naomba mnisikilize kuhusu siku nzima kliniki, kwa sababu ilinigharimu. Paka wangu akiwa kwenye kizimba, mbwa wanabweka chumba cha pili, alisoma 380. Nyumbani siku hiyohiyo asubuhi alikuwa 210. Hofu peke yake hupandisha sukari ya paka namna hiyo. Dozi ikaongezwa kwa namba za kliniki.

Siku mbili baadaye sukari ilishuka mno: nilimkuta mlangoni mwa jikoni, miguu ya nyuma inamponyoka kama aliyekanyaga mafuta, macho yamepanuka, haitiki jina lake. Nilipaka asali kwa kidole ndani ya shavu, kidogo kidogo, kisha tukakimbia kwa daktari. Alipona. Usimimine mdomoni, atapaliwa. Na kwa mwenye nyuzi kwenye fizi, ipake upande usio na nyuzi. Weka asali mahali unapoifikia hata gizani.

Kliniki nampeleka akaangaliwe kidonda na kupimwa fruktosamini, kipimo cha damu ambacho huonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili hivi na hakiyumbishwi na hofu ya siku moja. Mchoro wa sukari wa saa 12 naufanya nyumbani.

Mtaalamu_Mwanafunzi

Mkojo msiutupe, ila ujue kazi yake. Sukari ya paka haionekani kwenye mkojo mpaka ya damu ipite takriban 250. Kwa hiyo kipande kikiwa safi, anaweza kuwa na 200 au 45, huwezi kujua. Kwa kupanga dozi haufai kabisa.

Kwa ketoni, yaani tindikali ambazo mwili hutoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, ni habari nyingine. Paka asiyekula vizuri baada ya upasuaji, na insulini imepunguzwa, yuko kwenye hatari hiyo hasa. Pimeni ketoni kila siku wiki ya kwanza. Zikionekana, na hali anatapika au amelegea, ni dharura siku hiyohiyo. Wenye paka wanaotumia dawa za kisukari za kunywa za kundi la beksagliflozini na velagliflozini wawe makini zaidi: hao wanaweza kupata ketoni za hatari huku sukari ikisoma vizuri, hivyo akigoma kula mpigie daktari kabla ya kumpa dozi inayofuata.

Doa_Wangu, uliza pia kama alichomwa steroidi, ile dawa ya kupunguza uvimbe. Hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa na itakuvuruga hesabu.

Doa_Wangu

Asanteni sana, ndugu zangu. Daktari amepiga. Hakuna steroidi. Asubuhi hii tusichome, nipime kila baada ya saa tatu, na jioni akiwa juu ya 200 nimpe uniti 1. Nilipomweleza alivyoacha chakula akasema huenda ni maumivu, akaniongezea buprenofini ya kudondoshea ndani ya shavu. Nusu saa baadaye nilipasha chakula laini kile chenye wanga kidogo, nikakiponda na maji. Amemaliza sahani. Nimekaa sakafuni nikimtazama anavyokula kwa upande wa kushoto tu.

Saa sita mchana: 189. Saa tisa: 204. Saa kumi na mbili: 231. Ketoni hakuna.

Saa moja nimechoma uniti 1. Nitatoboa sikio tena saa tano usiku, na sensa nimeiombea miadi kesho kutwa kwa ajili ya zile saa ninazolala. Kliniki atakwenda siku ya kumi kukaguliwa nyuzi, basi.

Sindano_Mbili

Vizuri. Kesho asubuhi ukikuta 260 au 280 usirudishe uniti 3 kwa hasira ya namba. Siku chache juu hazitamwangusha maadamu anakula na ketoni hakuna. Weka namba zako hapa, tuko nawe.