Nitro kwenye Mark X ya kutembelea: nitromethani, busta ya okteni, mtungi wa gesi, au nifungue manifoldi?

Mlima_Kitonga (Dar es Salaam)

Habari za jioni wakuu. Nina Mark X 250G, injini 4GR, imetembea kilomita 148,000. Mwisho wa mwezi naipeleka familia Mbeya. Safari iliyopita, pale kwenye mlima wa Kitonga nilikanyaga mafuta hadi chini, gia ikashuka, mlio ukapanda, lakini gari halikwenda. Mbele yangu kulikuwa na lori la mafuta na nilishindwa kulipita hata pale penye nafasi.

Sasa kuna jamaa Kariakoo ananiuzia chupa ya lita moja anayoiita nitro, elfu 85. Anasema ndiyo ileile ya magari ya mbio ya Marekani, namimina kwenye tenki kila nikijaza, basi. Mwingine kanishauri busta ya okteni, dawa ya kuchanganya na petroli. Mpwa wangu anataka nifunge mtungi wa gesi ya nitrasi oksidi, ya kuongeza nguvu. Fundi wangu anasema vyote hivyo niviache, tufungue manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Naomba mnilinganishie, hasa mliowahi kutumia.

Mkongwe_Norwalk (Ohio)

Ndugu yangu, mimi naishi karibu na uwanja wa mbio wa Norwalk na hayo magari nayaona kila mwaka. Daraja lenyewe linaitwa Top Fuel. Mafuta yake ni nitromethani, ndiyo nitro yenyewe, asilimia 90, inayobaki methanoli. Injini ni ya silinda 8, lita 8.2, ina supachaja, pampu ya kusukumia hewa, juu yake, na nguvu zake zinapita farasi 11,000. Linakimbia futi 1,000, yaani kama mita 305, kwa muda usiofika sekunde 4, na linamaliza likiwa limepita kilomita 530 kwa saa. Likitoka hapo linavutwa hadi hemani na injini inafunguliwa: heda (vifuniko vya silinda) zinatolewa, pistoni, konrodi na klachi zinakaguliwa au kubadilishwa. Hiyo ni kazi ya kila mbio moja, si ya kila mwaka.

Niliwahi kusimama nyuma ya kamba wakiwasha injini kuipasha moto. Mafundi wote walikuwa wamevaa vinyago vya gesi. Mimi sikuwa nacho. Macho yalichonyota, machozi yakawa yanatiririka, koo likakauka, na kila injini ilipopiga nilihisi mbavu zinatikisika. Moshi ule una mvuke wa asidi ya nitriki. Ni kweli ukiipunguza na petroli ukali nao unapungua, lakini sitaki uje kuukaribisha kwenye foleni ya Ubungo watoto wakiwa kiti cha nyuma.

BintiKemia

Kaka Mlima, tupige hesabu, maana muuzaji anakutegea kwenye jina tu.

Kilo moja ya petroli inahitaji hewa kilo 14.7 ili iungue sawasawa. Nitromethani inahitaji kilo 1.7 peke yake, kwa sababu imebeba oksijeni yake mwenyewe. Joto lake ni dogo: megajuli 11.3 kwa kilo, wakati petroli ina kama 44. Kwa hiyo ukiilinganisha kilo kwa kilo, nitro ni dhaifu. Nguvu yake inatoka kwenye wingi. Kwa hewa ileile unaweza kuchoma nitro yenye uzito mara 8 na zaidi ya petroli, na ukijumlisha unapata nishati kama mara 2.2. Ndiyo maana injini za Top Fuel zina pampu zinazomwaga mafuta kama mfereji. Nozeli za Mark X, zile zinazopuliza mafuta, hazikuumbwa kwa kazi hiyo.

Sasa tuseme tenki lina lita 40, mbili kati yake ni nitro. Kwa hesabu yangu, kompyuta ya gari ikifanikiwa kurekebisha mchanganyiko, nguvu inaongezeka kama asilimia 1, na mafuta yanakwisha haraka zaidi kwa asilimia 4 hivi. Injini yako ilitoka kiwandani na farasi 215. Utaongeza wawili kwa shilingi 170,000.

Halafu kuna jambo linaloniogopesha zaidi ya bei. Nitromethani ina uzito wa kama kilo 1.13 kwa lita, petroli haifiki 0.8, na hivi viwili havipatani vizuri. Nitro inazama. Niliwahi kuiona maabara: unaitia juu ya petroli ndani ya gilasi, inapita katikati kama uzi na kutulia chini, mstari kabisa kati yao. Ukitikisa inatawanyika, ukiiacha inarudi chini. Na pampu ya gari lako inavuta mafuta kutoka chini ya tenki.

Altezza_Rocky

Dada BintiKemia kasema kitu ambacho mimi nilikigundua kwa fedha. Miaka minne iliyopita nilitia nitro kwenye Altezza yangu. Jioni niliyoitia nilizunguka mjini Mwanza nikaona kama gari limechangamka, nikafurahi. Nikalilaza. Asubuhi nikapiga stata, likakataa, nikapiga tena, likashika kwa kishindo kimoja kikubwa, likaanza kutetemeka na taa ya injini ikawa inamweka. Nikajipa moyo kwamba litajisafisha likipata moto. Nikaliendesha hivyo hadi kazini, kilomita tisa.

Fundi alipotoa heda, pistoni ya silinda ya pili ilikuwa imemeguka ukingo pale ringi inapokaa. Kile kipande kilikuwa kimechora ukuta wa silinda toka juu hadi chini, unaingiza ukucha unakwama. Nilinunua injini nyingine. Kinachoniuma mpaka leo ni zile kilomita tisa. Ningezima palepale nyumbani na kumwaga tenki, pengine ningeokoa kitu.

NgongRoad_EJ20 (Nairobi)

Hapo kwa nitro nakubaliana na nyinyi wote. Lakini busta ya okteni msiitupe pamoja na nitro, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Okteni ni uwezo wa mafuta kuvumilia mgandamizo bila kujilipua kabla ya wakati, yaani injini isigonge. Nitro haisaidii hapo, inachochea kugonga.

Mimi nina Subaru ya turbo. Kabla ya 2018, mafuta ya taa yalipokuwa rahisi na watu wakichakachua petroli nayo, kuna siku ningejaza njiani na gari lingeanza kugonga likipanda Mai Mahiu. Busta iliniokoa siku hizo. Serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka huo, biashara ile ikapoteza faida. Siku hizi nabeba chupa moja kwenye buti kwa dharura, situmii kila wiki.

BintiKemia

Kaka Ngong Road, sikupingi kuhusu dharura, ila wasomaji waelewe lugha ya kwenye chupa. Ikiandikwa "inaongeza pointi 3", mara nyingi maana yake ni 0.3. Petroli ya okteni 95 inakuwa 95.3. Na nyingi zina manganisi, inayoacha rangi ya kutu kwenye plagi.

NgongRoad_EJ20 (Nairobi)

Hilo la plagi ni kweli, zangu zilikuwa nyekundu kama matofali. Lakini 4GR si injini ya Vitz. Mgandamizo wake ni 12 kwa 1, na kwao Japani inawekewa petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango chake cha chini ni okteni 96. Ya kawaida huko inaanzia 89. Mwenye Vitz au IST akinunua busta anatupa pesa, mwenye Mark X ana sababu ya kuchagua sheli. Akitia mafuta mabovu, kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili kuilinda injini, na nguvu inashuka.

Fundi_Kijenge (Arusha)

Nimesoma kimya, sasa niongee kama mtu anayezifungua hizi injini.

Kuhusu mtungi wa mpwa wako: ile ni nitrasi oksidi, gesi, haihusiani na nitromethani ingawa watu huita vyote nitro. Hiyo inafanya kazi kweli. Lakini inataka nozeli zake, mafuta ya ziada, plagi za baridi zaidi, na mtu wa kurekebisha moto wa plagi. Na nguvu unaipata kwa sekunde chache unazobonyeza. Kitonga ni kilomita na kilomita za kupanda. Mtungi utakuishia kabla ya kona ya tatu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kwanza toa sehemu ambayo si ugonjwa: ukifika Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, hewa imepungua karibu asilimia 18 na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho. Hakuna chupa itakayorudisha hewa. Lakini Kitonga uko chini ya hapo, na gari lenye farasi 215 halishindwi kulipita lori. Lako lina tatizo.

4GR inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haigusi mgongo wa vali za kuingizia hewa. Kwenye injini za zamani petroli inaziosha kila inapopita, kwenye hii mvuke wa oili unazipaka na hakuna wa kuziosha. Kwa hiyo dawa yoyote ya tenki, nitro, busta, kisafishia nozeli, haizifikii hizo vali hata ukiimimina ndoo. Nimefungua 4GR za kilomita 120,000 nikakuta masizi yamejaa hadi tundu la hewa limebaki nusu. Toa manifoldi, kwangua vali moja moja, osha sensa ya hewa, angalia koili za plagi. Fundi wako alikuambia kweli.

VitoyVyaMafuta

Nachezea magari madogo ya rimoti ya injini. Kaka, hiyo chupa ina picha gani kwenye lebo?

Mlima_Kitonga (Dar es Salaam)

Nimempigia jamaa akanitumia picha. Kuna kigari kidogo na helikopta. Pembeni pameandikwa asilimia 20.

VitoyVyaMafuta

Basi hiyo ni mafuta ya vitoyi. Asilimia 20 nitro, kubwa iliyobaki ni methanoli, na ndani yake kuna oili ya kulainishia, kwa sababu injini zetu hazina sampu, yaani bakuli la oili. Hiyo oili itapaka plagi na kuziba katalisti yako, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Hata sisi tukimaliza kucheza tunachoma mafuta yote yaishe na kudondoshea oili maalumu ndani, la sivyo bearingi zinapata kutu. Na tafadhali, chupa ya namna hiyo usiiweke ndani kwenye watoto. Methanoli kidogo tu ikinywewa inapofusha, na inaua.

Mlima_Kitonga (Dar es Salaam)

Wakuu, nimerudi. Chupa sikununua. Jumamosi tulitoa manifoldi na nikakaa na fundi kuanzia asubuhi. Vali zilikuwa zimevaa masizi meusi ya kung'aa kama lami, mengine yalitoka vipande vizima vyenye umbo la vali. Alikwangua zote 12 kwa mkono mpaka saa kumi. Sensa ya hewa ilikuwa na vumbi la oili. Koili moja, ya silinda ya nne, ilikuwa na ufa mwembamba, tumebadilisha.

Jana nimepanda Kitonga na familia. Lori lilikuwepo tena, la saruji safari hii. Pale juu njia ilipofunguka nikashusha hadi gia ya tatu, nikalipita mzunguko ukiwa elfu nne na mia tano, mke wangu akaniuliza kama nimebadilisha injini. Fundi_Kijenge, naomba uniambie: niifungue tena baada ya kilomita ngapi?

Fundi_Kijenge (Arusha)

Hongera sana mkuu. Inategemea inakula oili kiasi gani. Vuta dipstiki leo hapo Mbeya injini ikiwa imepoa, andika ilipo, uvute tena ukifika Dar. Ukinipa tofauti nitakuambia.