Nahamia Mwanza mwezi ujao, nipange wapi?

Wakuu habari, napata kazi pale mjini kati, nataka chumba na sebule, choo ndani, na nionee ziwa kidogo jamani. Dalali kanionesha Capri Point, mtaa wa matajiri, nikacheka tu. Mwingine anasema Isamilo ila kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Ni kawaida hiyo?

Binti_Nyegezi: Kawaida dada, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Ila Isamilo kule juu kwenye mawe uliza maji kwanza!! mi nilikaa mlimani presha ikawa haipandi, napiga ndoo tano kutoka bomba la chini kwa jirani saa kumi alfajiri na huo mlima unavyoujua. Fungua bomba mwenyewe, usiambiwe.

Mzee wa Igoma: Na luku (mita ya umeme) iwe yako peke yako. Ya kushea ni ugomvi, mwenzio ana friji na pasi we una taa mbili.

Kijana_Pasiansi: Kirumba karibu na mwaloni, soko la samaki, ni karibu na mjini ila harufu ya dagaa utaizoea 😂

Muulizaji: Haya nakuja kufungua mabomba