Mpangaji kahama kaacha mbwa kwenye mnyororo, nifanyeje?

Mama Shani, Kihonda:
Wakuu, naomba msaada. Jirani wa chumba cha mwisho kahama usiku na deni la kodi. Kabeba mpaka pazia, ila mbwa kamwacha kafungwa kwenye mpera nyuma ya choo. Siku ya tatu nikampelekea ugali na mchuzi wa dagaa, akala mpaka akaramba mchanga ulipomwagikia.

Jana ndo nimeona vizuri. Shingoni hana mkanda, ana waya wa umeme. Alifungwa akiwa mdogo, akakua nao. Umezama nyamani, manyoya yameufunika, unanuka na inzi hawabanduki. Nikimsogelea ananguruma huku mkia unatikisika. Mwenye nyumba anasema nipake oili chafu, la sivyo ataita vijana wammalize. Kwetu mbwa hatufugi, na baba Shani ananiuliza nitaswalije. Ila saa tisa za usiku akianza kulia, silali.

Mzee wa Josho:
Oili chafu usithubutu mama, ataramba na ni sumu. Waya usiuguse. Ukizama hivyo unatolewa mbwa akiwa kachomwa sindano ya usingizi, la sivyo atakung'ata na kosa si lake. Nenda ofisi ya kata uliza bwana mifugo, mwambie kidonda kina inzi ili aje na dawa ya funza, na amchanje kichaa baadaye akipata nguvu. Vidonge vyetu vya maumivu usimpe. Kwa leo refusha mnyororo kule kwenye mti, si shingoni, na umwekee maji.

Akikung'ata au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone.

Bint Kondoa:
Mwambie shemeji mate yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, unaswali. Kumpa kiumbe maji ni thawabu, hilo analijua.

Fundi Mazimbu:
Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Lakini usianze na sheria, mwenye nyumba atakupandishia kodi, nawajua. Pitia kwa mjumbe kwanza. Akijua mjumbe, hao vijana hawaji. Na pole, umeshakuwa mwenye mbwa hivyo.

Mama Shani, Kihonda:
Asanteni. Bwana mifugo kaja leo na pikipiki, mjumbe kasimama pembeni na mikono nyuma. Waya umetoka. Kaduara kenyewe kadogo, hata mkono wa Shani haupiti. Nimekaweka kwenye kopo, mwenye nyumba akija nimwonyeshe.

Ameamka saa kumi anayumba, akakojolea mpera. Mnyororo hana tena, geti liko wazi. Katembea mpaka pale mnyororo ulipokuwa unaishia, kasimama, kageuka, kalala.