Mayai matano yaliyobaki

*Gumzo la kikundi cha ukoo, Busia – Bombo – Jinja*

*Alhamisi*

Mama Shamim (Busia): Asalaam aleikum familia naomba msaada haraka. Yule koo wangu mweusi ameshuka kwenye kiota asubuhi na vifaranga tisa, anawazungusha uani anawachakuria, na ameacha mayai matano pale nyuma. Nimeyashika yameanza kupoa lakini moja nimeweka sikioni kuna kitu kinalia ndani

Kaka Rama (Busia): Waaleikum salaam. Hayo ni viza dada, tupa tu

Shangazi (Bombo): Rama usimwambie mtu atupe yai linalolia!! Mama Shamim yaokote sasa hivi uyafunge kwenye kitambaa, ukikosa pahali yaweke kifuani kwako ndani ya leso, ndio tuongee

Mama Shamim: Nimeyaweka kifuani. Sasa?

Shangazi: Stima iko? Kama iko tundika balbu juu ya boksi

Mama Shamim: Imekatika tangu jana usiku

Shangazi: Basi chemsha maji, yachanganye mpaka yawe ya kumwogeshea mtoto mchanga, yatie kwenye chupa mbili za soda, zifunge na taulo kuukuu uzilaze ndani ya boksi, mayai katikati. Ukishika chupa juu ya taulo usikie joto kama mwili wa mtu mwenye homa kidogo, isizidi hapo maana yai likichemka hata dakika chache limekwisha. Badilisha maji yakianza kupoa. Na kipande cha kitambaa chenye unyevu pembeni, kifaranga anayekaribia kutoka hapendi hewa kavu

Aisha (Jinja): Shangazi lakini kwa nini ameyaacha, kuku si anajua mayai yake?

Shangazi: Mama Shamim jibu hili, uliweka mangapi

Mama Shamim: Niliweka kumi. Nashangaa yamekuwa kumi na nne

Shangazi: Ndio hapo penyewe. Koo akishuka kwenda kula hata dakika kumi na tano wenzake wanaingia pale pale kutaga kwa sababu kiota kina joto na wameshaona mayai, kwa hiyo hayo manne yaliingia siku mbili tatu baadaye. Yai linataka siku 21 toka siku koo alipolilalia, sio toka siku lilipotagwa. Ya kwako kumi yamefika jana, haya mengine yana 19 au 20. Na koo hawezi kungoja milele, vifaranga wa kwanza wakishapata nguvu ya kutembea moyo wake unahama kwenye mayai unakwenda kwa watoto. Hana kosa

Shangazi: Siku unayoweka mayai chora kila moja kwa penseli au mkaa, mstari unaozunguka yai zima. Kila jioni akishuka chungulia, lisilo na mstari ni la leo, litoe upike. Mimi nalisema hili kila mwaka kwenye hiki kikundi na kila mwaka mnaniuliza tena

Mama Shamim: Nisamehe shangazi, penseli ya Shamim ilikuwa mezani mbele yangu kabisa

Babu: 🎤 (oodio, dakika 2)

Aisha: Kwa ambao hawana bando, babu anasema ingia chumba cha giza, washa tochi ya simu, zungushia vidole kama pete halafu ukalishe ule upande mnene wa yai juu yake. Likipitisha mwanga wote kama balbu hilo halikushika mbegu. Likiwa jeusi na kwenye ule upande mnene kuna nafasi nyeupe ya hewa hilo lina mtu. Anasema pia usilitikise

Mama Shamim: Nimetoka kumulika. Mawili ni maji matupu. Matatu ni meusi, na moja nimeona kivuli cha mdomo kinasukuma pale kwenye hewa, Wallahi nimetetemeka mikono

Shangazi: Alhamdulillah. Hao watatu ni wako. Sasa nani atawalalia usiku

Kaka Rama: Si kuna yule mwekundu, ana wiki amekaa kwenye kiota kitupu, ukimsogelea anavimba na kunguruma. Nilimwambia dada amchovye kwenye ndoo ya maji aache

Shangazi: Mmemchovya???

Mama Shamim: Mara moja tu, jana. Hakuacha, akarudi amelowa akakaa

Shangazi: Msifanye hivyo tena tafadhali, kuku akilowa jioni anapata baridi na kuatamia haachi. Kinachomfanya aendelee kuatamia ni ule ujoto wa tumboni, ukitaka aache mpe hewa chini: tenga lenye matundu au kizimba cha mbao, liinue juu ya matofali, usiweke nyasi, weka maji na chakula, siku tatu nne anasahau na wiki mbili hivi anaanza kutaga. Lakini huyu leo hatumwachishi, huyu leo ni dawa yetu

Shangazi: Fanya hivi. Tengeneza kiota pahali pengine penye giza, mbali na wale wanaotaga. Majivu chini kwa ajili ya utitiri, nyasi kavu juu. Saa mbili usiku mchukue mwekundu polepole umkalishe pale, halafu pitisha mkono chini ya kifua chake, yai moja moja, usimulike tochi usoni. Akiyavuta na mdomo kuyaingiza ndani umemaliza kazi

*Alhamisi usiku*

Mama Shamim: Ameyavuta!! Yote matatu. Ametoa ule mlio wa chini chini kama anaongea nayo

Babu: Vizuri mwanangu. Sasa mwache. Usichungulie kila saa.

*Ijumaa*

Mama Shamim: Mmoja ametoka alfajiri, amekauka, wa manjano mwenye doa jeusi kichwani. Wa pili alitoboa tundu jana saa nne usiku na mpaka sasa saa sita mchana ni tundu lile lile, anapumua tu. Shamim analia anataka tumbandue ganda

Shangazi: Mwambie Shamim bibi anamwomba asiguse. Nisikilize vizuri kwa sababu hili linaniuma, mwaka jana mimi mwenyewe nilibandua. Chini ya ganda kuna ngozi nyembamba kama ya kitunguu, nikaivuta nikaona mshipa mwekundu, damu ikatoka tone moja halafu lingine, kifaranga akafungua mdomo mara mbili akafa kiganjani kwangu. Akishatoboa huwa anapumzika, ile damu ya kwenye ngozi inarudi mwilini na kiini kinaingia tumboni kupitia kitovu. Ukiona amenyamaza ujue yuko kazini. Mpe mpaka saa 24 toka tundu la kwanza

Aisha: Na zikipita?

Shangazi: Zikipita na ile ngozi imekauka imekuwa kama karatasi ya kaki, unailowesha na pamba ya maji ya uvuguvugu, usiingize maji kwenye pua. Ila leo bado

Mama Shamim: Sawa. Nimempeleka Shamim sokoni tusikae karibu

Mama Shamim: Ametoka!! saa kumi na nusu. Hatujamgusa

Kaka Rama: Mashallah. Dada nilisema utupe, nimekosea kabisa. Kesho naleta mbao za kizimba

*Jumapili*

Mama Shamim: Wa tatu naye jana jioni. Tunao kumi na wawili. Sasa hawa watatu niwachanganye na wale tisa wa mweusi?

Shangazi: Hapana. Mweusi ameshawajua wake, akiona kifaranga mgeni anaweza kumdonoa kichwa mpaka amuue. Mwache mwekundu alee, amewafanyia kazi. Wasipokula leo usiogope, kile kiini kinawashibisha hata siku mbili. Maji kwanza, kwenye kifuniko cha kopo, utie vijiwe ndani wasizame. Chakula ni kile cha vifaranga cha dukani, pumba na posho (unga wa mahindi) peke yake haviwatoshi, ukikosa hela saga mukene, wale dagaa, uchanganye, na kumbikumbi wakitoka baada ya mvua waokotee

Babu: 🎤 (oodio, sekunde 40)

Aisha: Babu anakumbusha chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, tone moja kwenye jicho wiki hii ya kwanza, na kurudia kama mganga wa mifugo atakavyowapangia. Anasema ukingoja mpaka uone kuku anapinda shingo umechelewa. Na mwewe, wafunikie tenga mchana mpaka waote manyoya ya mabawa

Mama Shamim: Rama anapigilia kizimba sasa hivi. Wa manjano amepanda mgongoni kwa mwekundu amelala, Shamim amekaa mlangoni na penseli, anasema mayai ya mara nyingine atachora yeye. Natuma picha stima ikirudi, simu ina asilimia nne

Shangazi: Tuma hata usiku, nitangoja