Gari jipya linalialia na sioni taa yoyote, nianzie wapi?

dereva_mpya:
Wakuu habari zenu. Nimechukua gari jipya lina kamera na sensa kila kona, naendesha vizuri tu mara linatoa mlio, nikitupa jicho kwenye dashibodi sioni kitu. Kuna mlio wa ting mmoja tu basi, kuna wa pi pi pi wa haraka haraka huu unanishtua sana barabara kuu, halafu kuna mwingine unaanza taratibu ukiendelea unazidi kuwa mkali mpaka nasimama pembeni. Fundi kapima na mashine kasema gari zima. Sina amani kabisa, nahisi kuna kitu kinaharibika humo ndani kimya kimya. Nyie mnajuaje mlio upi ni wa nini?

fundi_waya:
Mkuu mashine isingeonyesha kitu maana inasoma hitilafu, na milio kama hiyo mingi sio hitilafu, gari linamwonya dereva. Huo unaoanza taratibu halafu unapanda nashuku mkanda. Siti ya abiria umeweka nini? Magari mengi siti hiyo ina sensa ndani inayohisi uzito, ukiweka begi zito gari linajua kakaa mtu hajafunga mkanda na linapiga kelele kadri unavyoongeza spidi. Weka begi chini au kwenye buti ujaribu.

mama_wawili:
Hiyo ya pi pi pi angalia indiketa zako kaka. Ukihama leni bila indiketa, ile kamera ya kwenye kioo cha mbele inaona umekanyaga mstari inapiga kelele, magari mengine na usukani unatetemeka. Lakini kama inalia wakati indiketa UMEWASHA basi inakwambia kuna gari pembeni yako kwa nyuma usipopaona, tazama kioo cha upande huo utakuta kataa kamewaka. Ya tatu ni ile ya kuhofia kugonga, gari la mbele likifunga breki au likikata kona polepole huku wewe bado una mwendo. Hiyo usiizime jamani, hata kama mara nyingine inapiga kelele bure.

dereva_mpya:
Fundi Mungu akubariki, ni begi!! Nimelihamisha kimya kabisa. Na dada naona ni leni kweli, nikiwasha indiketa hailii. Imebaki ting.

safari_ndefu:
Ting ndio ngumu kwasababu inatumika kwa mambo mengi. Inaweza kuwa umezidi spidi ya kibao, kamera inasoma vibao vya barabarani (kule Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 kila gari jipya linalosajiliwa lazima liwe na mfumo huo wa spidi, hata ukizima unajirudisha ukiwasha gari tena, kwa hiyo kama unazima leo na kesho unalia usidhani gari limeharibika). Inaweza kuwa baridi ya nje imeshuka karibu nyuzi 3 au 4 linakuonya barafu, inaweza kuwa linakwambia umechoka upumzike linaonyesha picha ya kikombe, au betri ya remoti inaisha. Picha yake inatokea kwenye dashibodi sekunde chache tu inapotea ndio maana huioni, macho yako yako barabarani na ndivyo inavyotakiwa. Chukua mtu akae pembeni akurekodie dashibodi kwa simu mwendo mzima, ikilia mnarudisha video nyuma. Halafu ile picha unaitafuta kwenye kitabu cha gari, kuna sehemu ina alama zote.

fundi_waya:
Naongezea, hakikisha kwanza ni gari lenyewe linalolia. Nimeletewa magari yanalia kumbe ni dashkamu (ile kamera ndogo ya kurekodi barabara) kadi yake imejaa, au simu yenye ramani inaonya spidi. Chomoa vyote uendeshe hivyo hivyo, ukisikia ting tena ndio tuendelee na gari. Na ukishajua ni ipi, ingia kwenye setingi gari likiwa limesimama upunguze sauti ya onyo hilo moja au ulifanye lichelewe kidogo kulia, usizime yote kwa hasira. Ila mlio wowote ukija na taa NYEKUNDU ya oili au ya joto la injini, hapo hakuna kurekodi video, toka barabarani zima injini papo hapo.